Tawi la Mwarobaini Mlangoni

Mtaa wa Kwa Mwinshehe, Temeke, upande wa njia iendayo Mbagala, haukuwa na redio wakati wa vita ya Hitla, na gazeti lilifika likiwa limekwishafungiwa samaki. Lakini habari zilifika. Zile za wanaume zilifika kwa jumbe, barazani, zikazungumzwa mpaka zikachakaa. Zile zilizotakiwa ziaminiwe na wanawake zilipita mlango mmoja tu, mlango wa Mwanakombo binti Mwinshehe. Asipolisema yeye, jambo hilo lilibaki kuwa maneno ya watu.

Mwanakombo alikuwa kungwi. Yeye ndiye aliyewatia unyagoni wasichana wa mtaa ule na wa mitaa ya jirani kwa miaka ishirini. Siku ya kumtoa mwari nje, humfunika mabegani kwa kanga mpya, humshika mikono yote miwili, na kwa mara ya kwanza humwita somo. Na mwari naye hujibu somo. Tangu hapo ndivyo wanavyoitana. Mwanamke anaweza kuachwa na mume, akahama mtaa, akagombana na mama yake mzazi, lakini somo wake hamwiti jina lingine mpaka mmoja wao azikwe. Mwanakombo alizaa watoto watatu na hakuna aliyeishi hata akatembea. Basi alipokuwa akipita njiani na huku anasikia "shikamoo somo" kutoka ua huu na ua ule, wengine wamejitwisha ndoo, wengine wana watoto migongoni, aliona hakudhulumiwa kitu na Mungu.

Uso wake ulikuwa na mashimo ya ndui. Aliugua akiwa na miaka saba, zama za Mjerumani, pamoja na mama yake. Yeye alifichwa shambani na shangazi. Mama yake alichukuliwa akapelekwa kwenye kambi ya wagonjwa, na huko akafia. Nani alimwosha, nani alimsalia, kaburi liko wapi, hakuna aliyejua mpaka leo. Baba yake, Mwinshehe, alikwenda kuuliza mara tatu na mara zote tatu alirudishwa njiani. Mwanakombo hakupenda kuizungumza habari hiyo, ila kila Ramadhani alimsomea mama yake Fatiha akiwa hajui aelekee upande gani.

Ndui iliporudi mwaka ule, Idara ya Afya ilimleta Benedikto Kamugisha. Alikuwa kijana wa Bukoba, mrefu, ana kaptura iliyopigwa pasi na rozari mfukoni, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha shule ya misheni, kimenyooka mno. Tusimcheke sana. Alifika Alhamisi saa sita mchana na bomba la bati la kupazia sauti, akasimama chini ya jua kali akatangaza: "Wenyeji wote mnaamriwa na Serikali kuwaleta watoto ili wachanjwe." Alitangaza mara nne. Wanawake walikuwa mashambani, na wale wachache waliokuwa nyumbani waliposikia neno "mnaamriwa" walibeba watoto wakaingia nao kwenye mihogo. Waliochanjwa siku ile ni jumbe Shomari, wazee wawili waliotaka kumfurahisha jumbe, na mwendawazimu mmoja ambaye hakuwa na habari.

Jioni Benedikto alikuwa ameketi juu ya bomba lake, kola imelowa jasho, Mwanakombo alipompitia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa ukipiga kelele?"

"Ndiye mimi, mama. Hawakuja."

"Waje vipi? Saa sita mtu yuko shamba. Halafu wewe mwanamume, tena mgeni, unataka wanawake wakutolee mikono hadharani. Halafu unaamrisha. Hapa wanaoamrisha huwa wanataka kodi." Alimtazama. "Chanjo yenyewe inafaa?"

"Inafaa. Ndui haimpati aliyechanjwa vizuri."

"Na aliyekwisha kuugua?"

"Huyo haimpati tena. Kama wewe, mama."

Alisema "kama wewe" bila kugeuza uso, na hilo Mwanakombo alilipenda. Watu wengi walikuwa wakizungumza naye huku wanatazama sikio lake. Akamwambia aje kesho baada ya sala ya Ijumaa, na bomba aliache huko huko kwao.

Walikaa ukumbini kwake siku mbili wakipanga. Benedikto aliuliza na kuandika, na kila alichokosolewa alikifuta. Mwanakombo alikuwa na umri wa miaka arobaini na zaidi na hajawahi kuona mtu wa Serikali akifuta kitu. Alimwambia siku ya kuchanja iwe Jumatatu alasiri, wanawake wamerudi, mihogo iko motoni. Mahali pawe uani kwake. Mkeka utundikwe kwenye kamba, Benedikto akae upande wa pili na kuchanja, na mwanamke apitishe mkono tu. Atangulie Mwanakombo mwenyewe, halafu wafuate mama wakwe, kwa sababu hakuna mke wa mtaa ule aliyethubutu kumpeleka mtoto mahali ambapo mama mkwe hajapakubali.

Wagonjwa waliokwisha kupatwa ndio waliokuwa kazi ngumu. Walikuwa wamefichwa, na huko walikofichwa waliambukiza. Mwanakombo alikumbuka kwamba zamani, nyumba yenye ndui ilitundikwa tawi la mwarobaini mlangoni, mgeni ajue asiingie. Desturi hiyo ilikuwa imekufa kwa hofu. Alitaka kuirudisha. Anayeuguza atundike tawi, jirani asiingie, na ndani aingie mmoja tu wa kuuguza, mtu mwenye alama za ndui usoni, ambaye ugonjwa haumwezi. Aliwajua wanawake saba wa namna hiyo. Benedikto angepita kila asubuhi na dawa.

"Lakini sifanyi," alisema, "mpaka uniambie jambo moja. Wagonjwa wanakaa majumbani mwao?"

Benedikto aliacha kuandika.

"Hawachukuliwi kwenda karantini?" Mwanakombo aliendelea. "Mama yangu alichukuliwa. Nikiwaambia wanangu watundike tawi, natoa neno langu. Sina kitu kingine, mwanangu. Sina mtoto, sina shamba la maana. Nina neno hilo."

"Hawatachukuliwa," alisema Benedikto.

"Apa."

Akaitoa rozari mfukoni, akaishika, akaapa. Mwanakombo hakujua sana mambo ya rozari, lakini aliona kijana anairudisha mfukoni upesi, akadhani ni uzito wa kiapo.

Akatunga wimbo, maana wanawake wa pale jambo lisiloimbwa hawalibebi mpaka kisimani. Wa kwanza aliujaribu kwa Zuena, mwari wake wa mwisho, aliyekuwa na mtoto wa kiume wa miaka minne, Hija. Katika wimbo huo wa kwanza aliitaja dawa ya Serikali. Zuena alicheka mpaka akaweka mchi chini.

"Somo, ukiitaja Serikali humu watu watasikia kodi. Itoe."

Akaitoa. Ukabaki hivi:

*Ukiugua usijifiche, utajificha kwa nani?*
*Tawi lisimame mlangoni, dawa ipate kuingia ndani.*

Kwa siku tatu wimbo ulikuwa umefika Keko. Jumatatu iliyofuata uani palijaa. Mwanakombo aliwaambia ukweli, kwamba yeye chanjo haimuongezei kitu kwa kuwa alikwisha kuugua, lakini anatangulia ili waone mkono unarudi. Akaupitisha kwenye mkeka, ukarudi. Mama wakwe wakafuata wakinung'unika, na nyuma yao wake za watoto wao. Benedikto alizidiwa na kazi mpaka magharibi. Jumatatu ya pili walikuja watu kutoka Mtoni, na siku hiyo Benedikto alikula ugali kwa Mwanakombo, akaoshwa mikono na kuitwa mwanangu, naye aliitika.

Matawi yalitokea pole pole. Kwanza moja, nyumba ya fundi viatu. Mtaa mzima ukatazama kitakachotokea. Benedikto akaja na dawa ya kuogea na mafuta, akaingia, akatoka, akaenda zake. Kesho yake matawi manne. Mwisho yakawa tisa. La tisa lilikuwa kwa Zuena. Hija alikuwa amechanjwa akiwa ameshaanza homa, chanjo ikachelewa. Zuena alitundika tawi mwenyewe, akamwita somo wake aje kuuguza, na Mwanakombo alilala huko siku sita akimfuta mtoto kwa maji ya majani ya mwarobaini. Siku ya sita Hija aliomba uji. Siku ya saba aliulalamikia uji ule hauna sukari, na sukari wakati wa vita ungeitoa wapi. Mwanakombo alitoka nje akacheka peke yake.

Ni juma hilo hilo Mzungu wa Afya alipokuja kukagua. Alitembea na Benedikto mtaa mzima mikono nyuma. Aliuliza habari ya yale matawi, na Benedikto akamweleza. Mwanakombo aliwaona kwa mbali: kijana anaonyesha mlango huu, anaonyesha mlango ule, na uso wake unang'aa kwa fahari. Yeye naye aliona fahari. Hilo halikumtoka moyoni maisha yake yote, kwamba alisimama pale akiona fahari.

Jumamosi asubuhi lilikuja lori, na askari sita. Hawakumwuliza mtu njia. Walikwenda mlango wenye tawi, wakatoa mgonjwa, wakatoa mkeka na kitanda, wakamwaga mafuta ya taa kwenye makuti, wakawasha. Wakahamia mlango wa pili wenye tawi. Watu walipotambua kinachotafutwa, matawi matano yalikuwa yamekwisha kufikiwa, na wengine walipokimbia kuyang'oa, Benedikto alikuwa na daftari lenye nyumba zote tisa.

Mwanakombo alikuwa ndani kwa Zuena walipoingia. Alimkumbatia Hija, wakamnyang'anya. Alimfuata yule askari mpaka kwenye lori.

"Nipakieni na mie. Mie nina alama, naruhusiwa kuuguza. Nitazameni usoni."

Askari alimtazama usoni na kumsukuma. Hija alikuwa ameketi sakafuni mwa lori kati ya watu wazima, hana nguo, na hakulia. Alikuwa akimtazama mama yake na somo wa mama yake, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba anangoja mmojawapo aseme ni nini hiki.

Benedikto alisimama mbele ya lori, daftari kwapani. Mwanakombo alimwendea.

"Uliapa."

"Mama, ni amri ya juu. Kambi ina watu wa kuuguza."

"Uliapa, umeshika vitu vyako vya dini. Siku ile ulikuwa na uwezo wa kuahidi?"

Kijana alitazama chini. "Sikuwa nao."

"Ulijua?"

"Nilijua huenda watakuja. Nilitumaini hawatakuja." Akainua macho, na kwa mara ya kwanza alimtazama sikio. "Ningekuambia hivyo, ungekubali?"

"Nisingekubali."

"Basi, mama. Na watu mia nne wamechanjwa."

Alisema kweli, mia nne walichanjwa, na pengine kati yao kuna waliozeeka kwa sababu hiyo. Mwanakombo alilijua hilo, na ndilo lililomchoma zaidi, maana hakuweza hata kusema kazi yenyewe ilikuwa ya uongo. Kazi ilikuwa ya kweli. Uongo ulikuwa mahali pamoja tu, na mahali hapo aliwekwa yeye.

Hija alikufa kambini siku ya nne. Jumbe Shomari alileta habari baada ya juma zima, akiwa amevua kofia. Mtoto alikwisha kuzikwa kwa chokaa, wapi hasa jumbe hakuambiwa. Zuena hakupiga kelele. Aliuliza tu kama alifunikwa, kwa sababu alichukuliwa bila nguo. Mwanakombo alikaa naye matanga yote, akampikia na kumwogesha, na wote wawili walisoma Fatiha bila kujua waelekee upande gani.

Mtaa uligawanyika. Wapo waliosema Mwanakombo aliwauza. Huko kisimani ule wimbo ulikuwa umekwisha kubadilishwa, na watoto wadogo waliuimba wakirukaruka: *tawi lisimame mlangoni, lori lipate kuingia ndani*. Lakini Zuena alimtetea. Wanawake walipoanza maneno, aliweka ndoo chini.

"Somo wangu kadanganywa kama sie tulivyodanganywa. Alilala kwangu siku sita. Mtu anayeuza halali na mgonjwa. Asinisemee mtu somo wangu."

Kwa kuwa ni Zuena aliyesema, na ndiye aliyefiwa, wakanyamaza. Mwanakombo alihadithiwa hayo jioni yake, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya lori alikula chakula akakimaliza. Aliwaza kwamba maadamu Zuena anaamini, wengine watarudi mmoja mmoja. Alikuwa tayari kungoja hata miaka.

Ndui ilipokwisha, iliitishwa baraza chini ya banda la jumbe. Safari hii Benedikto alikuwa amejifunza: ilikuwa alasiri, wanawake walialikwa na wakawekewa mikeka upande wao. Mzungu wa Afya alisema Kiingereza na Benedikto akatafsiri, sauti imetulia, bila bomba. Alitaja idadi ya waliochanjwa. Alisema mtaa huu umekuwa mfano. Kisha Mzungu akafunua karatasi, na Benedikto akaitafsiri.

"Serikali inatoa shukrani za pekee kwa Bibi Mwanakombo binti Mwinshehe. Bila yeye tusingeweza kuzijua nyumba tisa za wagonjwa. Yeye ndiye aliyetuonyesha."

Karani akaja mbele na blanketi jipya, jekundu, limekunjwa mraba. Mwaka ule nguo zilikuwa adimu hata watu waliwazika wazee wao kwa shuka kuukuu, na nyumba tisa zilikuwa zimeunguziwa kila walichokuwa wakijifunika. Wanawake waliliangalia lile blanketi.

Benedikto aliinama karibu na sikio la Mwanakombo. "Nimekuombea mwenyewe, mama. Walitaka kutoa barua tu."

Mwanakombo alisimama.

"Sikuwaonyesha nyie," alimwambia Mzungu. "Niliwaonyesha wanangu dawa. Nyie mlifuata nyuma yangu. Blanketi silitaki."

Mzungu alitabasamu, akamgeukia Benedikto kuuliza amesema nini. Benedikto akasema maneno mafupi ya Kiingereza. Hakuna mwanamke pale aliyejua Kiingereza, lakini waliona Mzungu anaridhika, anatikisa kichwa, anapiga makofi mawili. Wakajua Benedikto amemwambia kwamba bibi anashukuru. Na Mwanakombo aliona nyuso zao zikibadilika. Maneno yake walikuwa wameyasikia. Lakini walikuwa wameisikia na ile karatasi, na karatasi ilisema alionyesha, na mtu asiyetumwa halipwi. Aliona wakihesabu upya siku zote zile: ugali aliompa Benedikto, alivyomwita mwanangu, ule mpango wa siku mbili ukumbini.

Akamtafuta Zuena kwa macho. Zuena alikuwa mkeka wa mbele, na alikuwa hatazami karatasi wala Mzungu. Alikuwa akilitazama blanketi. Aliinuka pole pole, akaja mbele, akalipokea kutoka mikononi mwa karani, ambaye hakujua afanye nini. Akalikunjua. Akazunguka nyuma ya Mwanakombo akamfunika nalo mabegani, taratibu, akalivuta mbele likakutana kifuani, kama mwenyewe alivyofunikwa kanga siku ile alipotolewa nje. Kisha akamshika mikono yote miwili.

Mwanakombo alifungua mdomo kumjibu somo kabla hajaitwa.

"Pokea, Bi Mwanakombo," alisema Zuena. "Umelifanyia kazi."

Akamwachia mikono, akachukua mkeka wake akaenda. Wengine wakainuka, mmoja mmoja, watoto migongoni, na kwa kuwa njia ya kutokea ilikuwa pale aliposimama, walipita mbele yake wote. Hakuna aliyemtukana. Wote walikuwa na adabu, yeye mwenyewe ndiye aliyewafundisha. Kila aliyepita aliinamisha kichwa na kusema shikamoo, Bi Mwanakombo, na yeye akasimama na blanketi lile jekundu mabegani akiitikia marahaba mpaka wakaisha.